Naomba ushauri: nimpeleke mama mgahawa gani wa chai ya alasiri hapa Yorkshire?

Bint Chumbageni aliandika:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, atawasili Leeds mwezi ujao kutoka Tanga na atakaa nasi wiki tatu. Alifundisha sayansikimu kwa zaidi ya miaka 30, na miongoni mwa mambo aliyowafundisha wasichana ni kuandaa meza ya chai ya Kiingereza: buli, kichujio, kijagi cha maziwa, sandwichi zilizokatwa kingo, na skonzi. Hata hivyo, hajawahi hata siku moja kuketi kwenye meza ya namna hiyo kama mgeni, akahudumiwa yeye.

Ninatamani kumpeleka mara moja tu, lakini pawe mahali penye mandhari ya kukumbukwa. Nimeona mgahawa mmoja uliopambwa kama sebule ya miaka ya 1940, wenye vibendera na redio ya mbao. Nimesikia habari za basi jekundu la ghorofa mbili huko London, ambalo abiria hunywa chai huku likizunguka mjini, na za chumba kimoja cha chai katika mji wa Bath ambako wahudumu huvaa magauni ya zama za mwandishi Jane Austen, miaka mia mbili iliyopita. Yananitatiza mambo matatu: sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula ni swali, goti lake la kulia halipendi ngazi, na yeye atavaa baibui, wala sitaki atazamwe kama aliyepotea njia.

Mkazi wa York alijibu:

Wa aleikum salaam, dada. Kwa kuwa mko Leeds, ningekushauri uiache London na uufikirie kwanza mgahawa wa chai wa Bettys, uwe ule wa Harrogate au wa hapa York, kwani kote ni mwendo wa chini ya saa moja kwa treni. Frederick Belmont, fundi wa keki kutoka Uswisi, alifungua mgahawa wa kwanza Harrogate mwaka 1919, na aliposafiri katika meli ya Queen Mary mwaka 1936 alivutiwa mno na mapambo yake, hata akawaita waliokuwa wameipamba meli ile waje wamtengenezee mgahawa wa York. Ukitaka mahali penye sura yake, basi ndipo hapo, na sura hiyo haikubandikwa juzi kwa ajili ya wapiga picha.

Katika chumba cha chini ya ardhi kuna kioo ambacho wanajeshi wa anga wa Vita Vikuu vya Pili, wengi wao Wakanada, walichonga majina yao kwa kalamu ya almasi. Kioo hicho kipo chini ya ngazi, na hapo ndipo goti la mama litakapouliza maswali. Uweke nafasi mapema badala ya kutegemea foleni, na siku hiyo hiyo uulize kama meza yenu itakuwa ghorofani.

Mama Faraj alijibu:

Mwanangu, mimi nitasema juu ya chakula tu, maana hapo ndipo nilipoumia. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wageni wangu hoteli moja kubwa, ambayo sitaitaja, nikiwa nimewaambia kwa simu kwamba hatuli nguruwe. Tulipoketi, sandwichi hazikuwa na nyama hiyo, nami nikashukuru. Ila nilipouliza kuhusu kile kikombe kidogo cha mtindi mtamu kilichokaa kwenye ngazi ya juu kabisa ya sahani, mhudumu alikwenda jikoni akarudi na habari kwamba kimegandishwa kwa jelatini ya nguruwe, na kwamba keki ya matunda imelowekwa kwenye brandi. Mgeni wangu mmoja alikuwa ameshamaliza kikombe chake.

Tangu siku hiyo huwa siombi «chakula cha Waislamu», kwa sababu kila mpishi hulielewa neno hilo kwa namna yake. Ninaagiza seti ya wasiokula nyama kabisa. Jelatini hutoka kwa mnyama, kwa hiyo katika seti hiyo haitakiwi kuwamo, na kuku asiyejulikana alichinjwaje anatoka pia. Linabaki swali moja tu la kuuliza, nalo ni pombe: katika keki, katika malai, na katika sosi. Liulize kwa maandishi wakati wa kuweka nafasi, ujibiwe kwa maandishi.

Kaka wa Clyde alijibu:

Ninaheshimu ushauri wa York, lakini mtu aliyefundisha sayansikimu anastahili kuiona Glasgow, huku Uskoti. Kate Cranston alianza kufungua vyumba vya chai mjini humu mwaka 1878, wakati watu wa harakati za kupinga ulevi walipotaka pawepo mahali pa kukutana pasipo na pombe, na mahali ambapo mwanamke angeweza kuketi bila kusindikizwa na mwanamume. Mwaka 1903 alifungua kile cha Willow, yaani mierebi, katika mtaa wa Sauchiehall, akamwachia msanifu Charles Rennie Mackintosh abuni kila kitu, kuanzia sura ya jengo hadi viti vyenye migongo mirefu. Jina la mtaa wenyewe hutafsiriwa kuwa bonde la mierebi, na mti huo ndio uliogeuzwa kuwa pambo la nyumba nzima. Jengo lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2018.

Ninakiri kwamba kutoka Leeds ni safari ndefu mno kwa siku moja. Mkiweza kulala usiku mmoja, msisite.

Msafiri wa Reli alijibu:

Basi la chai nimelipanda, na lilinifurahisha. Lakini mimi nina miaka 29 na magoti yangu yote mawili ni mazima. Ngazi zake ni nyembamba, na kila dereva akikanyaga breki utamwona mama ameshika kikombe kwa mikono miwili badala ya kutazama mji. Kuhusu mavazi, hofu yako ni ya bure. Hata hoteli ya Ritz ya London, ambako mwanamume asiye na koti hakubaliki na ambako mtu mmoja hulipa zaidi ya pauni 70, wanachokataa ni jinzi na raba. Baibui lililopigwa pasi linawashinda nusu ya wageni wao.

Mama Faraj aliongeza:

Nimesahau jambo la chai yenyewe. Mwambie mama mapema kwamba maziwa hayatachemshwa pamoja na majani, na iliki hatoiona. Umwagizie chai ya Assam, ya India, au ile ya kifungua kinywa, ambayo mara nyingi huchanganywa na majani ya Kenya. Earl Grey atasema wametia manukato, na Lapsang Souchong atadhani imekaushwa juu ya mafiga.

Bint Chumbageni aliandika baada ya wiki sita:

Ndugu zangu, nimerudi kutoa mrejesho, kwani niliahidi moyoni. Tulikwenda Harrogate, kwa sababu ya goti na kwa sababu Glasgow ilitushinda nauli. Niliagiza seti isiyo na nyama, nikauliza swali la pombe kwa barua pepe, nikajibiwa siku ya pili.

Sahani ya ngazi tatu ilipowekwa mezani, mama hakugusa kitu. Aliizungusha taratibu, akahesabu kwa kidole: sandwichi chini, skonzi katikati, keki juu, kisha akasema, «Sawasawa.» Halafu akachukua skonzi, ambayo si ile mikate midogo ya duara tunayoiita hivyo nyumbani, akaipasua kwa mikono bila kisu na kuichungulia ndani. Alisema aliyeikanda alikuwa na haraka lakini hakuwa na mkono mzito, na kwangu mimi, niliyewahi kupewa alama 4 kati ya 10 na mwanamke huyo huyo, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Nilipomweleza kwamba watu wa Devon hutanguliza malai juu ya skonzi na wa Cornwall hutanguliza jamu, aliuliza ni nani mwenye kufua kitambaa cha meza, kwa kuwa jibu liko kwake.

Assam ilikuwa ya moto sana. Nikageuka kumtafuta mhudumu nimwombe maziwa zaidi, na nilipomrudia mama alikuwa ameshamimina chai kwenye kisahani, kama anavyofanya kibarazani kwetu, anaipuliza. Nilitaka kumzuia. Bibi mmoja wa Kiingereza kwenye meza ya jirani, ambaye nadhani alikuwa na zaidi ya miaka 80, akainama upande wetu akasema kwamba nyanya yake naye alikunywa hivyo, na kwamba mama yake akimgombeza kila siku kwa kuwaaibisha mbele ya wageni. Nikamtafsiria mama. Akasogeza kiti chake upande wa yule bibi, na chai yangu ikapoa nikiwa mkalimani.