MJADALA: Bastola ya kujilinda Arusha, vizingiti vilegezwe au vibaki?

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu wafanyabiashara wana mada moja inayowaka: utaratibu wa kumiliki bastola ulegezwe. Wanaodai hivyo wana hoja nzito na sitaidharau. Mwenye duka la jumla anafunga saa mbili usiku, mauzo ya siku anayo kwenye begi, vijana wa pikipiki wanamfuata toka soko la Kilombero mpaka getini kwake Moshono. Akitaka mguu wa kuku, yaani bastola, kihalali anazungushwa mpaka anachoka. Mhalifu yeye haombi kibali kwa mtu.

Mimi nimekaa kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, na barua za maombi ya silaha nimezipitia kwa macho yangu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: vizingiti vibaki, na kile cha mtaani, ambacho wengi wanataka kifutwe, ndicho kiimarishwe kuliko vyote. Ila kinavyoendeshwa leo hakimlindi mwombaji, hakimlindi mkewe wala jirani.

Kwa wasiojua njia yenyewe: tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa fujo wala mtumwa wa pombe au dawa za kulevya, awe na cheti cha kuonyesha amefunzwa kutumia silaha, na awe na sababu ya msingi ya kuihitaji. Barua inaanzia serikali ya mtaa, inapanda kata, inafika kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, inajadiliwa na kamati ya usalama ya wilaya chini ya mkuu wa wilaya, inakwenda mkoani, kisha makao makuu ya polisi kwa msajili wa silaha. Alama za vidole zinachukuliwa. Kibali kikitoka ndipo unakwenda kununua kwa muuzaji mwenye leseni, na silaha inasajiliwa kwa namba yake na kwa jina lako. Ukikamatwa nayo bila kibali, kosa hilo limewekwa kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, na wanaoijua sheria hiyo wanajua uzito wake.

Sasa turudi kwenye ngazi ya chini kabisa, maana ndiyo ninayoijua. Kikao cha mtaa kinatoa dakika chache kwa kila barua. Huyu ni mkazi wetu? Anafanya biashara gani? Ana ugomvi wa kiwanja na mtu? Anachangia ulinzi shirikishi? Basi, muhuri. Sijawahi kumsikia mjumbe akiuliza nyumbani kwake kukoje.

Na hilo ndilo swali. Sheria inakataa mtu wa fujo, lakini polisi watamjuaje? Wataangalia rekodi ya makosa. Mume anayempiga mkewe hapa Ngarenaro au kule Olasiti mara nyingi hana rekodi yoyote, kwa sababu shauri liliishia kwa wazee wa ukoo, kwa mshenga au kwa mchungaji. Dawati la Jinsia na Watoto, linalopokea malalamiko ya ukatili wa nyumbani, lipo kituo cha polisi, ila wanawake wengi hawafiki pale. Wakifika, ndugu wanawafuata wakafute kesi. Kwa hiyo mtu huyo karatasi zake ni safi toka mtaa mpaka makao makuu. Mei 2022 kule Mwanza mume alimuua mkewe kwa bastola kisha akajiua, na nchi nzima ilishtuka. Kila nikisikia tukio la namna hiyo najiuliza ni barua ngapi tumezipigia muhuri bila kumuuliza yule anayelala chumba kimoja na silaha.

Nchi ya Kanada wana utaratibu ambao ningependa tuutazame bila aibu. Fomu ya kuomba leseni ya silaha ina sehemu ya mwenza kutia saini, hata yule mliyeachana naye ndani ya miaka miwili iliyopita. Asiposaini, ofisi ya silaha inamtafuta na kumjulisha kwamba fulani ameomba. Sisi tuna mabalozi wa nyumba kumi na wajumbe wanaofahamu kila nyumba, na bado mke ndiye wa mwisho kujua kwamba kuna bastola juu ya kabati.

La pili ni siri. Barua ya mtu anayeomba silaha inalala juu ya meza ya ofisi ya mtaa pamoja na barua za kitambulisho cha NIDA na za udhamini. Kila anayeingia kuomba barua ya benki anaweza kuisoma. Kabla haijafika kata, kijiwe cha bodaboda kina habari. Mnaelewa maana yake? Tumewatangazia wezi kwamba nyumba ile ina mtu mwenye fedha, na kwamba siku si nyingi itakuwa na bastola ya kuibwa. Bastola iliyoibwa ni mali ya thamani sana kwa jambazi kuliko televisheni.

Najua mtaniletea habari ya marehemu Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite aliyeuawa wilayani Hai Agosti 2013. Hapa Arusha jina lake halikosi kwenye mada hii. Waliomuua walikuwa na SMG, bunduki ya kivita, na walimmiminia risasi mchana kweupe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Moshi iliwahukumu watu watano adhabu ya kifo. Nieleze wewe unayeijua bastola: ungefanya nini nayo mbele ya SMG ya mtu aliyejipanga? Kesi ile ilifika mwisho kwa sababu ya upelelezi, na fedha tunazotaka kutumia kulegeza vibali ningezipeleka huko.

Karibuni tujadili, kwa heshima.

Mchangiaji, Mbuyuni, Moshi

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mwanamke, nauza mitumba ya jumla, na mzigo wangu naufuata mwenyewe Dar kwa basi la usiku. Nilipopeleka barua yangu ya kuomba bastola, swali la kwanza ofisini lilikuwa "mumeo anasemaje?" Hawakuuliza nimeibiwa mara ngapi, wala nina sehemu ya kuifungia. Mume wangu alikuwa akisumbua nyumba na watu wote wa mtaa walijua, lakini ndiye aliyetakiwa kuniruhusu. Barua yangu iliishia pale.

Kwa hiyo ukisema mwenza aulizwe, mimi nasikia mlango mwingine wa kufungiwa. Mwanaume akiomba, mke ataogopa kusema kweli maana jioni wanarudi nyumba moja. Mwanamke akiomba, mume atakataa ili asije akawa na mke mwenye nguvu. Umefikiria hilo?

Na la pili, kaka yangu: muda. Hakuna anayekwambia barua yako imefika wapi. Ukiuliza unaambiwa "iko wilayani". Pale kwenye ukimya ndipo wanapotokea watu wa kukusaidia kufuatilia, na msaada wao una bei. Mwenye jina mjini anapata, muuza mitumba anasubiri. Mimi silalamikii ukali wa sheria, nalalamikia kukosa jibu.

Mchangiaji, Unga Limited, Arusha

Mimi nina miaka 23, ni wakala wa fedha za mitandao. Nafunga kibanda na milioni za watu. Sheria inasema nisubiri mpaka 25, lakini wezi hawanisubiri. Mwenye miaka 18 anapiga kura na anaweza kwenda jeshini akashika bunduki. Kwa nini mimi mfanyakazi nionekane mtoto?

Mchangiaji, mstaafu, Tengeru

Wanangu, nimetumikia kwenye vyombo vya ulinzi na bastola nimeivaa kiunoni miaka mingi. Acheni niwaambie yasiyoandikwa kwenye fomu.

Mtu akikutokea gizani hatua tatu nyuma yako, huna muda wa kuitoa. Raia wengi wanaifunga vizuri ndani ya begi, chini ya karatasi za mauzo. Mwizi anachukua begi lote. Hapo umepoteza fedha na umempa silaha, kisha unakwenda kituoni kueleza ilipotea vipi, na maelezo hayo si ya dakika tano.

Tuseme umeiwahi, umempiga. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali, lakini nguvu unayotumia lazima ilingane na hatari iliyo mbele yako. Kijana aliyekwisha kukupa mgongo anakimbia na simu yako si hatari tena. Ukimpiga mgongoni, utakayekuwa kizimbani ni wewe, na bastola yako itakuwa kielelezo. Wangapi kati ya wanaoomba wameelezwa haya? Mafunzo yakiishia kulenga shabaha na kusafisha silaha, bado mtu hajafunzwa.

Jingine ni la baada ya kibali, na hapo naungana na mwanzisha mada ingawa hakulisema. Mwaka 2016 kulifanyika uhakiki wa silaha nchi nzima na wamiliki walizipeleka zikaonekana. Lilikuwa jambo la maana sana. Mtu anayepewa kibali akiwa na miaka 35, mzima, mwenye ndoa tulivu, si lazima awe mtu yuleyule akifika 50. Biashara imeanguka, pombe imeingia. Na akifa, watoto wanaikuta kwenye sanduku, wanaogopa kuipeleka polisi, inakaa, baadaye inauzwa kimyakimya. Serikali ikitangaza muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, nawasihi wenye urithi wa namna hiyo waende.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Hilo la begi nitalisoma kwa sauti kwenye kikao, maana waombaji wengi wanaodhani bastola ni kinga hawajawahi kuelezwa inatolewaje.

Mdogo wangu wa Unga Limited, 25 ibaki. Jeshini kijana anashika bunduki chini ya amri, na akimaliza lindo anairudisha ghalani. Wewe ungelala nayo chumba cha kupanga chenye mlango wa bati. Kwa kazi yako kuna njia zinazopunguza hatari bila risasi: usifunge na fedha taslimu nyingi, hamishia salio kwenye mtandao au benki kabla giza halijaingia, badilisha njia ya kurudi, mawakala wa jirani mfunge pamoja na mtoke pamoja.

Dada yangu wa Mbuyuni, pole sana, na wewe ndiye umenifanya niandike tena usiku huu. Kilichokupata ni ridhaa ya mume, na ridhaa sitaki iingie kwenye fomu yoyote, ya mwanamume wala ya mwanamke. Ninachotaka ni mahojiano. Mwenza aitwe peke yake, asihojiwe na sisi wajumbe wa mtaa tunaokutana naye dukani kesho yake, bali na askari wa Dawati la Jinsia, na anachosema kisirudi kwetu wala kisiandikwe kwenye barua ya kukataliwa. Aulizwe jambo moja tu: je, umewahi kupigwa au kutishiwa na mtu huyu? Asiulizwe "unakubali?" Hapo mume anayesumbua nyumba hana la kumzuilia mkewe, na mke aliyepigwa ana pa kusemea bila kufungua kesi. Na kwa mwanamke kama wewe, jibu la swali hilohilo akiulizwa mwombaji mwenyewe lingetosha kuwaambia polisi kwamba mume si mtu wa kuombwa ushauri.

Bado hofu yako ina uzito: mke akihojiwa Jumatatu, mume akikataliwa Ijumaa, atajua nani kasema. Njia pekee ninayoiona ni wenza wote wahojiwe kwa kila ombi, bila kuchagua, na kukataliwa kutolewe na kamati ya wilaya kwa sababu pana. Lakini hapo nagongana na dai lako la pili, ambalo nalikubali kabisa, la mwombaji kupewa jibu la maandishi lenye sababu na ndani ya muda unaojulikana. Sababu ikiwa wazi mno, mke yuko hatarini. Ikiwa pana mno, wale wa "msaada wa kufuatilia" wanapata tena kichaka cha kujificha. Nikilazimika kuchagua, nitamlinda mke, na muda wa jibu uwe wa lazima hata kama sababu ni fupi. Wanasheria mliomo humu, tusaidieni kuandika kipengele hicho kisimame.

La siri halihitaji Bunge. Kikao kijacho cha kamati yetu nitapendekeza barua zote za silaha ziondoke kwenye meza ya ofisi ya mtaa, zipokelewe moja kwa moja na polisi kata, na mjumbe atakayetoa habari nje aondolewe kwenye kamati. Walioko Levolosi, Kaloleni, Majengo ya Moshi na Bomang'ombe, ofisi zenu zinaziweka wapi?