Kuhama kutoka Surge 1.9 hadi Surge XT: je, nyimbo ambazo hazijakamilika zitaharibika?

Kinanda wa Umoja
Hamjambo, ndugu. Ninatengeneza muziki katika chumba changu hapa Umoja, na kwa muda mrefu nimetumia sinthesaiza huria ya Surge, yaani programu ya kuunda sauti za ala, toleo la 1.9, ndani ya Reaper, programu ninayorekodia muziki. Nataka kuhamia Surge XT, iliyoifuata, lakini nina nyimbo sita za kwaya ambazo hazijakamilika. Katika mmojawapo, besi yote inatoka kwenye Surge, na kichujio chake, kinachofanya sauti iwe nzito au angavu, hufunguka polepole kuanzia ubeti wa pili kwa otomesheni (mstari unaobadilisha kidhibiti chenyewe wimbo ukicheza) niliyoichora kwa mkono. Mwaka jana nilisasisha plagini nyingine, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya Reaper kama Surge, bila kufikiri, na nilipoufungua wimbo nikakuta vinanda vimegeuka mlio wa king'ora, siku moja kabla ya kukabidhi kazi. Je, XT itaniletea balaa lile lile?

Fundi wa Ngara
Pole kwa king'ora. XT, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Januari 2022, haiifuti Surge 1.9 wala haichukui nafasi yake. Reaper huziona kama plagini mbili tofauti, kwa hiyo nyimbo zako za zamani zitaendelea kuiita 1.9 maadamu hujaiondoa kwenye kompyuta. Wengi huponzwa na tamaa ya kusafisha diski: wanaiondoa ya zamani, kisha wanashangaa wimbo ukifunguka kimya.

Ukitaka kuhamisha ile besi, ihifadhi kwanza kwa jina ndani ya 1.9, ili upate faili ya fxp, inayobeba mipangilio ya sauti hiyo, halafu ifungue faili hiyo ndani ya XT kwenye traki mpya. XT husoma sauti za zamani. Otomesheni haitakufuata, kwa sababu imefungwa kwenye plagini ya awali, hivyo utalazimika kuihamisha mwenyewe. Kabla ya yote, toa kila traki ya Surge kama faili ya WAV, yaani sauti iliyorekodiwa tayari; hata stima ikipotea katikati ya kazi, besi yako ipo.

Nyuzi Nane
Naongeza jambo moja ambalo lilinigharimu jioni nzima. Sauti ukiihifadhi ndani ya XT, usitegemee kuirudisha kwenye 1.9, maana njia hiyo ni ya kwenda tu. Aidha, XT hutumia folda yake yenyewe ndani ya Documents. Mimi hupanga Surge ifuate nyatiti ya mzee mmoja ninayemrekodi, kwa faili za SCL na KBM, zinazoeleza noti zipangwe vipi na vitufe gani vizicheze, na nilipofungua XT nikacheza nusu saa nikidhani masikio yangu yamechoka, kumbe mpangilio ulikuwa ule wa kawaida wa piano. Nakili faili hizo mapema kwenye folda ya XT.

Kinanda wa Umoja
Ahsanteni sana. Nimetoa WAV za nyimbo zote sita, 1.9 nimeiacha palepale, na ni wimbo mmoja tu nilioujaribu ndani ya XT. Besi imefunguka sawasawa, ila kichujio kilibaki kimefungwa hadi nilipoichora upya otomesheni, nukta kwa nukta, nikiilinganisha na WAV. Zile tano nitazimaliza ndani ya 1.9.

Fundi wa Ngara
Hapo umefanya vyema. Hifadhi pia kisakinishi cha 1.9 kwenye diski ya nje. Kwa kuwa msimbo wa Surge umekuwa huria tangu 2018, matoleo ya zamani bado yanapatikana bure kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo, lakini bando huisha usiku ule ule unapolihitaji.