Naomba ushauri: maandalizi ya tiba ya madini joto yenye mionzi

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mke wangu, ambaye ameshaondolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani, anatarajia kupewa dawa ya madini joto yenye mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ameelekezwa kupunguza vyakula vyenye madini hayo kwa wiki 2 kabla. Dagaa tumewaacha bila shida. Kinachotusumbua ni chumvi, kwani pakiti za dukani zimeongezwa madini joto, na hata mkate siuamini. Ninyi mliopitia tiba hii, mlipika nini? Pia, baada ya dawa mwili wake utakuwa ukitoa mionzi kwa muda. Najua nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8, lakini choo chetu ni kimoja na mtoto wetu mdogo hulala na mama yake. Mliwatengaje watoto bila kuwatia hofu?