Panya wenye kisukari: wanapenda utamu zaidi, au ni kiu tu?

Nyuki_wa_Miombo (Tabora):
Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa jaribio la panya weupe hapa Tabora. Nusu watadungwa streptozotosini wapate kisukari, nusu watabaki wazima. Kila kizimba chupa mbili: maji matupu, na asali ya huku iliyochanganywa na maji kwa asilimia 10. Tumepanga saa 24. Kasoro ziko wapi? Na dozi ya dawa iweje?

Gungu_Maabara (Kigoma):
Mkuu, kwa mpango huo mtapima kiu kuliko ulimi. Panya mzima wa gramu 250 hunywa kama ml 25 hadi 30 kwa siku. Mwenye kisukari anaweza kupita ml 100, maana sukari inayotoka kwenye mkojo huondoka na maji. Tuseme mzima kanywa ml 40 za utamu na 10 za maji: upendeleo ni 80%. Mgonjwa kanywa 120 za utamu na 60 za maji: 67%. Kwa ujazo, mgonjwa kamzidi mzima mara tatu. Kwa uwiano, kazidiwa. Ripotini vyote viwili.

Saa 24 ni chache. Panya wengi wana upande wanaouzoea, kwa hiyo fanyeni saa 48 na kubadilishana nafasi za chupa katikati. Pimeni chupa kwa mizani, kabla na baada, na wekeni kizimba kimoja kitupu chenye chupa zilezile ili mjue kiasi kinachodondoka chenyewe. Bila hicho, matone ya chupa mnamhesabia panya.

Asali iacheni kwanza, hata kama ni ya Tabora. Ina harufu, ina asidi, ina glukosi na fruktosi kwa pamoja, na ikishachanganywa na maji huchacha haraka kwenye joto. Anzeni na sukrosi gramu 103 kwa lita (0.3 M), kisha sakarini gramu 1 kwa lita. Sakarini haina nguvu ya chakula, hivyo tofauti ikionekana kwenye sukrosi peke yake, shukuni tumbo kabla ya ulimi. Msiongeze sakarini ovyo. Ikizidi huwa chungu.

Sindano_Taratibu:
Dozi inayotumika sana kwa panya wakubwa wa maabara (rat, si mouse) ni mg 50 hadi 60 kwa kilo, ndani ya uwazi wa tumbo, kwenye bafa ya sitreti (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 4.5 iliyo baridi. Unga wa dawa ukae kwenye nyuzi −20 za Selsiasi, mbali na mwanga. Changanyeni kidogo kidogo na kudunga ndani ya dakika chache, maana dawa ikishayeyuka huharibika upesi. Wazima wapewe bafa tupu. Chagueni madume, majike huwa sugu zaidi.

Sasa mtego wenyewe. Saa chache baada ya sindano, seli za kongosho zinazokufa humwaga insulini, sukari ya damu inashuka, na panya anaweza kufa usiku huohuo. Ndiyo maana hupewa maji ya sukari siku ya kwanza. Mkiwapa wagonjwa peke yao, mmeshawafundisha chupa tamu kabla ya jaribio! Wapeni makundi yote mawili.

Siku ya tatu pimeni damu ya mkiani. Wengi huhesabu kisukari kuanzia 13.9 mmol/L.

Nyuki_wa_Miombo (Tabora):
Asanteni sana. Kiu yenyewe tunaitenganishaje?

Gungu_Maabara (Kigoma):
Wape mrija kwa sekunde 10 tu kila mara, uhesabu miramba. Muda huo ni mfupi mno kwa tumbo kutoa hukumu. Ongezeni pia kundi la wagonjwa wanaopewa insulini: upendeleo ukirudi, chanzo ni kisukari, si sumu ya dawa.

Na msilinganishe moja kwa moja na panya wadogo (mouse) wa db/db, aina yenye kasoro ya kurithi. Hao wamekosa kipokezi cha leptini, homoni ambayo Kawai na wenzake mwaka 2000 walionyesha kuwa hupunguza mwitikio wa neva za ladha kwa vitu vitamu. Wa streptozotosini shida yao ni insulini. Tena kisukari hakimaanishi uchu wa sukari: Richter na Schmidt, 1941, waliona panya walioondolewa kongosho wakiongeza mafuta na kupunguza wanga walipoachiwa kuchagua.

Sindano_Taratibu:
Maranda ya wagonjwa yabadilisheni kila siku, yatalowa chapachapa. Na kibali cha maadili kitangulie kununua dawa.