Dada poa akibakwa, akienda polisi anashtaki au anajishtaki?

Wadau, Desemba 17 ni siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanaouza ngono. Ilianza 2003, mwaka ambao Gary Ridgway alikiri mahakamani Seattle, Marekani, kwamba ameua wanawake 48. Wengi walikuwa makahaba. Alisema aliwachagua kwa kuwa alijua wakipotea hakuna atakayeripoti haraka.

Wahuni wa kwetu nao wanapiga hesabu hiyohiyo. Mtu anapatana bei na dada barabarani, wakifika gesti wanatokea wenzake wawili. Wakimaliza unyama wao wanachukua simu na pesa, wanaondoka bila hata kukimbia. Akienda kituoni, swali la kwanza ni alikuwa anatafuta nini pale saa nane usiku, na akijibu ukweli anaweza kuwekwa ndani kwa kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachokataza kutafuta wateja wa ngono hadharani.

Kanuni hiyohiyo, kifungu cha 131A, inasema kubaka kwa kundi ni kifungo cha maisha. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa changudoa". Aliyekubali mmoja hajakubali watatu.

Kuhalalisha au kutohalalisha biashara yenyewe tuweke kando. Nasema hivi: anayeleta malalamiko ya kubakwa au kupigwa asikamatwe kwa kujiuza. Mnasemaje?

Mzee wa Pangani: Mnaanza na kinga, kesho mtadai leseni. Mimi nina mabinti. Atoke barabarani, hatapigwa.

Chausiku: Mzee wangu, shikamoo. Mlevi akikabwa akitoka baa, polisi wanamwambia angekunywa nyumbani? Kama unataka biashara ife, Sweden tangu 1999 wanamshtaki mnunuzi, muuzaji wanamwacha. Kwetu msako ukipita, karandinga linajaa wanawake, wenye magari wanawasha na kwenda zao.

Mzee wa Pangani: Marahaba. Na hao wanaume wabebwe, sijawatetea mimi.

Nesi wa zamu: Huku kwetu wanakuja wamevimba uso, wanasema "nimeteleza bafuni". Wanaogopa wakisema ukweli wataambiwa wakafuate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kituoni. Mtu akisema amebakwa, na saa 72 hazijapita, tunampa dawa za kuzuia VVU. Akisema bafuni, tunamshona anaondoka. Yaani hofu ya mahabusu inamkosesha mtu dawa.

Mzee wa Pangani: Dawa apewe, sikatai. Polisi ndipo hatuelewani. Akitaka kinga, awataje kwanza hao wanaume kwa majina.

Chausiku: Majina gani, Mzee? Usiku wateja wote wanaitwa Juma.

Mwanzisha mada: Gesti ina kitabu cha wageni, ina mhudumu aliyepokea pesa ya chumba, na simu iliyoibwa inafuatiliwa. Mpelelezi anaanzia hapo, mradi malalamiko yamfikie asubuhi ileile.