Mwongozo wetu wa majaribio una mifano ya Python ya zamani, nianzie wapi kuisasisha?

sakina_juu (Arusha)

Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, naombeni mawazo ya waliowahi kulipitia.

Niko Arusha, ofisi ndogo, tunatengeneza mfumo wa kampuni za utalii. Mgeni anachagua siku zake za Tarangire na Ngorongoro, mfumo unapiga hesabu ya gari, dereva na viingilio. Kazi yangu ni kujaribu programu kabla haijamfikia mteja. Nilipoanza kazi nilikabidhiwa mwongozo wa majaribio ulioandikwa mwaka 2014 na kaka aliyenitangulia. Ni mwongozo mzuri kweli. Sura yake ya kupima mipaka, pale umri wa mtoto unapoishia na wa mtu mzima unapoanza, sijaona mwingine akiieleza vile. Shida ni mifano. Yote ni Python 2, toleo la zamani la hii lugha ya kuandikia programu.

Mwezi huu tumepokea binti wa chuo kwa mafunzo ya vitendo. Nikampa mwongozo, nikamwambia afuate mfano mmoja mmoja. Kompyuta yake ina Python 3.12. Mfano wa kwanza ukagoma kwenye `print`, akaurekebisha mwenyewe. Wa pili ukamtolea AttributeError kwamba `assertEquals` haipo. Akahangaika nao tangu asubuhi hadi saa kumi jioni bila kumwambia mtu, akiamini ni yeye aliyekosea kusakinisha. Nilipomkuta machozi yalikuwa karibu. Iliniuma sana, maana kosa halikuwa lake hata kidogo.

Bosi anasema zipo programu za kubadilisha yote usiku mmoja. Je, nizitumie? Na je, nihamishe kila kitu kwenda pytest, zana nyingine ya kuendesha majaribio? Sura ya Selenium, ile zana ya kuendesha kivinjari chenyewe, nayo sijui hata niishike wapi.

fundi_njiro

Pole kwa huyo binti, na hongera kwa kulichukulia kwa uzito.

`assertEquals` lilikuwa jina la ziada tu la `assertEqual`, amri ya kulinganisha jibu ulilopata na ulilotarajia. Lilitoa onyo miaka mingi, kisha likaondolewa moja kwa moja kwenye Python 3.12, mwaka 2023. Wenzake walioondoka nao ni `assertRaisesRegexp`, ambayo sasa ni `assertRaisesRegex`, na `assert_`, tumia `assertTrue`. Ukikuta `assertItemsEqual`, hiyo ni ya 2.7 na siku hizi ni `assertCountEqual`. Mwongozo ukitaja nose, zana ya zamani ya kuendesha majaribio, ifute kabisa: toleo lake la mwisho ni la 2015 na kuanzia Python 3.10 haifanyi kazi. Maktaba ya mock, ya kutengeneza vitu bandia vya kujaribia, huna haja ya kuisakinisha, imo ndani ya Python tangu 3.3, iite `unittest.mock`.

Programu za kubadilisha zipo, bosi hajakosea. 2to3 ilikuwa inakuja na Python yenyewe, lakini imeondolewa kwenye 3.13, kwa hiyo tafuta kompyuta yenye toleo la nyuma kidogo. Ikimaliza, pitisha pyupgrade au ruff irekebishe majina yaliyobaki. Kwa msimbo mchache ni kazi ya saa moja.

mama_majaribio (Moshi)

Mdogo wangu, alichosema fundi ni sahihi, ila usiufungue mwongozo kwa wanafunzi baada ya hiyo saa moja. Mfano unaogoma haunipi hofu, kwa sababu unajitangaza wenyewe. Mimi naogopa ule unaopita wakati umeshaacha kupima kitu.

Chukua hesabu ya gari, naamini na nyie mnayo:

`def kwa_mtu(gari, watu): return gari / watu`

`self.assertEqual(kwa_mtu(600000, 3), 200000)`

Kwenye Python 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima ilitoa namba nzima. Kwenye Python 3 alama hiyohiyo inatoa 200000.0. Jaribio linapita, maana kwa Python 200000.0 na 200000 ni sawa, huku risiti ya mgeni ikiandikwa "200000.0". Weka sasa 500000 kwa watu watatu: zamani ulipata 166666 na shilingi mbili zikapotea kimya, leo unapata mkia wa desimali. 2to3 haigusi alama ya kugawanya. Haiwezi kujua ulikusudia nini. Ukiweka `//` unarudisha tabia ya zamani, lakini je, tabia hiyo ndiyo ofisi inayoitaka? Hilo kamuulize mhasibu.

La pili nililikuta kwenye mwongozo wetu wenyewe, na lilikuwa limekaa hapo muda mrefu:

`self.assertTrue(filter(imelipwa, oda))`

Python 2 ilirudisha orodha, na orodha tupu ilihesabika uongo, kwa hiyo jaribio lilianguka kama hakuna oda iliyolipwa. Python 3 inarudisha kitu ambacho siku zote kinahesabika kweli, hata kama ndani hamna chochote. Jaribio hilo haliwezi kuanguka tena milele. Andika `any(imelipwa(o) for o in oda)`.

Kagua pia kama kuna mahali pameandikwa `assertTrue(jumla, 18000)`. Hapo 18000 inachukuliwa kuwa ujumbe tu, hakuna kinacholinganishwa. Hili halina uhusiano na toleo, ni kosa la tangu zamani, ila ukiwa umeshafungua faili lishughulikie.

Ninavyofanya mimi: kila mfano nauendesha, halafu nauharibu makusudi nione jaribio linaanguka. Lisipoanguka, silirudishi kwenye mwongozo.

sakina_juu

Mama, shikamoo. Nimefungua sura ya nne sasa hivi, ile hesabu ya gari iko vilevile, na namba ni 600000 kwa watatu. Nimeshtuka.

kijenge_dev

Kuhusu pytest mimi nasema hama. `assert kwa_mtu(600000, 3) == 200000` inasomeka hata na asiyejua Python, na ikianguka inakuonyesha thamani za pande zote mbili. `class` na `self` za unittest, zana mnayotumia sasa, zinamchosha mwanafunzi kabla hajafika kwenye somo.

Selenium: zile `find_element_by_id` zote ziliondolewa toleo la 4.3, mwaka 2022. Sasa ni `find_element(By.ID, "tarehe")`. Kurasa za kuelekeza namna ya kupakua chromedriver, programu ya kuiunganisha Selenium na Chrome, zifute, tangu 4.6 Selenium inaitafuta yenyewe, hakikisha tu una bando mara ya kwanza. Na badala ya kila `time.sleep(10)` weka WebDriverWait, inayosubiri hadi kitu unachokitaka kiwe tayari.

mwalimu_rau (Moshi)

Naomba kutofautiana na kijenge_dev kidogo. Nafundisha vijana jioni, na kompyuta zetu kadhaa bado ni Windows 7. Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8. Hapo f-string, za kuingiza thamani ndani ya maandishi, zinakubali, zipo tangu 3.6, lakini amri ya `match` ya 3.10 inagoma. Ukisasisha mifano kwa kufuata toleo jipya kuliko yote, utamtengenezea mwanafunzi mwingine siku kama ile ya binti yako. Chagua toleo la chini kabisa unalolikubali na liandike ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Na unittest inakuja na Python, haihitaji kupakua chochote. Kwa darasa langu hilo ni jambo kubwa. Tena pytest inaendesha majaribio ya unittest bila kubadilisha kitu, kwa hiyo huna sababu ya kuhama kwa siku moja. Mifano mipya andika kwa pytest, ya zamani iache ilivyo mradi inafanya kazi.

mama_majaribio

Naungana na mwalimu. Nyongeza moja: kama mwongozo uko kwenye Word, uhamishie kwenye faili za maandishi matupu na mifano midogo iandike kwa alama ya `>>>` na jibu lake chini. Kisha `python -m doctest sura4.txt` inaisoma sura nzima na kukuambia mfano upi umeacha kusema kweli. Toleo jipya la Python hutoka kila Oktoba. Ukiiendesha kila mwaka wakati huo, utajua kabla ya mwanafunzi kujua.

sakina_juu

Wakuu, narudi baada ya siku kumi.

Tumekubaliana 3.10 kuwa toleo la chini, maana ofisini hatuna Windows 7. Unittest imebaki. `filter` ya aina ile nimekuta mahali pawili.

Ile ya gari nilimpelekea mhasibu. Akasema ofisi siku zote inapandisha hadi elfu inayofuata, yaani 500000 kwa watatu ni 167000 kila mmoja. Mfumo wenyewe unafanya hivyo sawasawa. Mwongozo tu ndio haukuwahi kusema, kwa sababu namba iliyochaguliwa iligawanyika bila baki. Jaribio jipya ameliandika binti mwenyewe, akaliharibu, likaanguka, akalirudisha. Ameomba aachiwe na sura ya Selenium, anaianza Jumatatu.