Betri ya volti 18 au ya volti 36 kwa mashine za bustani: tulinganishe

Mpogoaji

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Kwa miaka kadhaa nimetunza bustani kwa mashine za kuchomeka ukutani, na nimechoka kuburuta waya wa mita 30 huku nikihofia kuukata kwa meno ya mashine ileile niliyoishika, jambo ambalo nimekwisha kulifanya mara mbili. Sasa nataka kuhamia kwenye mashine za betri: ya kupogolea ua wa mimea, ya kufyekea nyasi za pembezoni, ya kupuliza majani makavu na, Mungu akipenda, msumeno mdogo wa mnyororo baadaye. Zote nataka zitumie betri ya aina moja.

Nimebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni volti 18 yenye betri ya ampea-saa 5 (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha chaji ambacho betri inabeba). Ya pili ni volti 36 yenye betri ya ampea-saa 2.5. Ya tatu ni seti isiyo na jina linalojulikana, ambayo kibandiko chake kinasema volti 48 na ampea-saa 6, na ajabu ni kwamba betri yake ndiyo nyepesi kuliko zote. Akili inaniambia kwamba volti nyingi ni nguvu nyingi, lakini ninawaona mafundi wakifanya kazi kutwa kwa volti 18, ndipo shaka inaponiingia.

Fundi Mota

Karibu, ndugu Mpogoaji. Kabla ya kubishana juu ya volti, zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha nishati iliyomo ndani ya betri. Volti 18 mara ampea-saa 5 ni wati-saa 90. Volti 36 mara ampea-saa 2.5 ni wati-saa 90 vilevile. Kwa hiyo njia zako mbili za kwanza zina nishati ileile, na mashine inayovuta wati 300 itaimaliza betri yoyote kati ya hizo kwa muda wa dakika 18 hivi, ilhali kipuliza majani kinachovuta wati 600 kitaimaliza kwa dakika tisa.

Huna haja hata ya kuzidisha. Kanuni za kusafirisha mizigo hatari zinataka betri za lithiamu zilizotengenezwa baada ya mwaka 2011 ziandikwe wati-saa kwenye kasha. Tafuta herufi Wh katika maandishi madogo ya ubavuni na ulinganishe kwa hizo, si kwa tarakimu kubwa za rangi zilizoko mbele.

Jambo jingine linalowachanganya wanunuzi ni tofauti ya volti 18 na volti 20. Betri hizi zimeundwa kwa seli, yaani vijibetri vidogo vilivyounganishwa ndani ya kasha. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli tano zikifuatana hutoa volti 18 za kawaida, na zikitoka kwenye chaja hutoa 21. Marekani bidhaa hiyohiyo mara nyingi huuzwa kama volti 20 kwa kuhesabu kilele, Ulaya huandikwa 18. Ndivyo ilivyo pia kwa 36 na 40.

Nyasi Fupi

Naheshimu hesabu za Fundi, lakini karatasi haikati nyasi. Mimi nilianza na mashine ya kufyekea ya volti 18, na kila nilipoingia kwenye nyasi ndefu zenye umande ilikuwa ikipunguza kasi, inapumua kidogo, kisha inazima yenyewe huku betri ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuibana kiganjani. Nilipohamia volti 36 shida hiyo ikaisha siku hiyohiyo. Kwa uzoefu wangu, volti 18 ni za kupogolea ua na kukata matawi membamba, na kazi nzito ziachiwe volti 36 na kwenda juu.

Fundi Mota

Ndugu Nyasi Fupi, naomba nikuulize: betri yako ile ya volti 18 ilikuwa ya ampea-saa ngapi?

Nyasi Fupi

Ilikuwa ya ampea-saa 2, ile iliyokuja ndani ya boksi pamoja na mashine.

Fundi Mota

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wote, na naomba niruhusiwe kueleza kwa urefu.

Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 ina seli tano tu zilizopangwa mfululizo. Mashine ikivuta wati 600, mkondo unafika ampea 33, na ampea zote hizo zinapita katika kila seli. Seli nyingi za 18650, zile zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, haziuhimili mkondo huo kwa muda mrefu. Volti zinashuka, joto linapanda, na mfumo wa ulinzi unakata. Betri ya ampea-saa 5, kwa kawaida, ina seli kumi: jozi tano, kila jozi ikiwa na seli mbili sambamba zinazogawana mzigo, ili kila moja ibebe ampea 17 hivi. Sasa chukua seli hizohizo kumi uzipange zote mfululizo: utapata volti 36 na ampea-saa 2.5, mkondo wa ampea 17, na kila seli itabeba ampea 17. Seli haijui imepangwa vipi. Inachokijua ni mzigo wake tu.

Kwa hiyo ulipohama, ndugu, ulihama pia kutoka seli tano kwenda kumi au zaidi, na nadhani sehemu kubwa ya nafuu uliyoipata ilitoka huko. Mfano mzuri ni betri za FlexVolt za kampuni ya DeWalt zilizotoka mwaka 2016, ambazo zina seli 15 na hujipanga upya kulingana na mashine: zikiingizwa kwenye mashine ya volti 20 hukaa katika safu tatu sambamba, na zikiingizwa kwenye ile ya volti 60 hufuatana zote. Seli ni zilezile na nishati ni ileile.

Sisemi kwamba volti hazina maana. Mkondo ukipungua nusu, joto linalopotea kwenye nyaya, swichi na ndimi za betri linapungua hadi robo, na kwa msumeno wa mnyororo au mashine ya kukatia nyasi ya kusukuma hilo ni jambo kubwa. Ndiyo maana EGO wamejenga familia yao juu ya volti 56, na Makita nao wana mashine zinazomeza betri mbili za volti 18 kwa pamoja ili kupata 36. Ila kwa mtu wa bustani ya kawaida, swali la kwanza ni idadi na ubora wa seli, na swali la volti linafuata.

Bibi Bustani

Wanangu, mmehesabu kila kitu isipokuwa bega. Mashine ya kupogolea ua huinuliwa hadi usawa wa kichwa na kushikiliwa hapo, na uzito wa betri uko nyuma ya mkono, ambako kila gramu inahesabika. Seli moja ya 18650 ina gramu 45 na ushei. Kumi ni karibu nusu kilo kabla ya kasha. Mimi napogoa kwa betri ndogo ya seli tano, kwa sababu meno ya kupogolea hayavuti umeme mwingi yakikata machipukizi, na ile kubwa naiacha kwenye chaja ikisubiri kipuliza. Kwenye kufyeka mambo hugeuka: mota iko chini kule kwenye uzi wa kukatia nyasi, betri iko juu karibu na kiwiko, na betri nzito husaidia kuleta mizani.

Hapo ndipo ninapoipendelea volti 18. Inakupa nafasi ya kuwa na betri ndogo na kubwa zinazoingia kwenye mashine zilezile. Katika volti 36 betri ndogo kabisa tayari ina seli kumi, na bega halina pa kukimbilia.

Mkongwe

Mimi nimetumia mashine za betri tangu enzi za nikeli-kadimi na nitawapa siri moja: betri yoyote itumieni mpaka iishe kabisa ndipo muichaji, la sivyo inazoea nusu na haitafika mwisho tena.

Bibi Bustani

Kaka Mkongwe, kwa nikeli-kadimi ulikuwa na hoja, na sisi wa umri wetu tulifundishwa hivyo. Kwa lithiamu desturi hiyo inadhuru. Ukisikia mashine imelegea, simama, usiilazimishe kukata tawi la mwisho. Na mkimaliza msimu msiihifadhi ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Nusu yake, mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, ndiyo hali inayoipenda.

Mkongwe

Nimesahihishwa, nashukuru. Kweli mashine yangu ya zamani ya volti 18 ilikuwa na seli 15 za volti 1.2, nzito kama tofali, na Umoja wa Ulaya ulikwisha kuziondoa betri za aina hiyo kwenye mashine za mkononi mwishoni mwa 2016 kwa sababu ya sumu ya kadimi. Niliyonayo ni ukumbusho tu.

Seli Tano

Naona njia ya tatu haijaguswa, na mimi ndiye mwenye kovu. Nilinunua seti ya namna hiyo, volti 48 kwa maandishi. Ilipokufa baada ya muda usiofika msimu mmoja nilifungua skrubu nne za kasha, na ndani nikakuta seli tano, mabati membamba ya kuziunganisha na nafasi tupu iliyozibwa kwa kipande cha sponji. Seli tano za lithiamu ni volti 18, hata ukiandika 48, 88 au mwaka wako wa kuzaliwa. Nilipima seli moja moja: nne zilikuwa na volti 3.9 na ya tano ilikuwa na 1.7. Hapakuwa na waya hata mmoja wa kusawazisha chaji kati ya seli moja na nyingine, kwa hiyo chaja ilikuwa ikitazama jumla tu, haioni kwamba mmoja wa watano anazama.

Ndugu Mpogoaji, ule wepesi uliokushangaza ndio jibu lako. Ampea-saa 6 kwa volti 48 ni wati-saa 288, yaani zaidi ya mara tatu ya betri zako nyingine. Nishati hiyo haiwezi kukaa kwenye betri iliyo nyepesi kuliko zote.

Kidhibiti

Niongeze neno juu ya usalama, kwa kuwa kuna watakaosoma maelezo ya Seli Tano na kutaka kuifufua seli iliyoshuka. Seli ya lithiamu ikikaa chini ya volti 2 na kitu, shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena inaweza kufunga mzunguko ndani kwa ndani. Hiyo haifufuliwi; hupelekwa panapopokelewa betri chakavu, wala haitupwi kwenye pipa la taka.

Tahadhari hiyohiyo inahusu vile vipande vya kuunganishia betri ya kampuni moja na mashine ya kampuni nyingine. Baadhi ya watengenezaji huweka ulinzi wa kushuka kwa volti ndani ya betri, wengine huuweka ndani ya mashine, na ukichanganya unaweza kujikuta huna ulinzi popote. Ukitaka kuchanganya kampuni, chagua ushirika rasmi. Upo ule wa volti 18 uitwao Power for All Alliance, ambamo Bosch wa mashine za kijani (za matumizi ya nyumbani) na Gardena hutumia betri moja, ingawa betri hizo haziingii kwenye mashine za buluu (za mafundi) za Bosch huyohuyo.

Mwisho, msiichaji betri ikingali ya moto kutoka kazini, wala chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi.

Nyasi Fupi

Nimerudi kutoka stoo. Betri yangu ya volti 36 ina maandishi ya Wh 144 na ile ya zamani ina 36. Nilikuwa nikilinganisha mbuzi na ng'ombe. Hata hivyo sirudi nyuma, maana nyasi zangu ni za kufyeka saa nzima.

Mpogoaji

Nawashukuru wote. Njia ya tatu nimeifuta. Nilikwenda kuzishika mbili zilizobaki, nikainyanyua mashine ya kupogolea ya kila familia juu ya kichwa na kuhesabu polepole mpaka sitini, na Bibi Bustani alikuwa na haki: kwa ile ya volti 36 mkono ulianza kutetemeka nilipofika arobaini.

Nimechukua volti 18: betri moja ya ampea-saa 2 kwa ajili ya ua, mbili za ampea-saa 5 kwa ajili ya kufyeka na kupuliza, na chaja ya kasi, kwa sababu ile ya kwenye boksi inatoa ampea 2 tu na ingehitaji zaidi ya saa mbili na nusu kujaza betri kubwa. Msumeno nimeuacha kwanza. Fundi Mota, nikifika huko nitauliza kama zipo za kuingiza betri mbili, kwa kuwa sasa ninazo mbili.

Fundi Mota

Zipo. Ila hakikisha betri zote mbili ni za ampea-saa sawa na umri unaolingana, kwa sababu mashine itasimama pindi iliyo dhaifu itakapoisha, hata kama mwenzake bado ana nusu.